Dhahabu Isiyopimwa kwa Mizani



Katika mji wa Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, kule Amerika ya Kusini, iko nyumba ya benki yenye dhahabu ya namna ya peke yake. Dhahabu hiyo haikopeshwi, haiuzwi, wala haiyeyushwi. Watu huingia, hutazama, hunyamaza, kisha hurudi kwao. Nyumba hiyo huitwa Museo del Oro, ndiyo kusema Makumbusho ya Dhahabu. Ndani yake mna vitu zaidi ya 34.000 vya dhahabu tupu au vya dhahabu iliyochanganywa na shaba, vilivyofanywa na wenyeji wa nchi ile kabla Wahispania hawajafika: pete za pua, mapambo ya kifua, sanamu za watu, za ndege, za vyura na za chui. Pamoja navyo wamehifadhi vyungu, mawe yaliyochongwa, mifupa na nguo za zamani.

Sisi hatujafika huko. Padri mmoja aliyepitia Bogotá alituletea kitabu cha picha za vitu hivyo, na tangu hapo tumeendelea kusoma kila habari tuliyoipata. Mtu atauliza: dhahabu ya Kolombia itamfaa nini Mkristu wa Kongo anayehangaikia shamba lake na watoto wake? Tunamwomba atuvumilie kidogo. Mwishoni ataona kwamba tunasema habari ya kijiji chake mwenyewe.

KAZI YA MAFUNDI

Katika milima ya Bogotá waliishi Wamuisca. Nchini mwao hamkuwa na dhahabu nyingi. Walikuwa na chumvi, na nguo za pamba, na mawe ya kijani yaitwayo zumaridi. Hivyo wakavibadilisha na majirani wapate dhahabu. Nao walipoipata hawakuilimbika kama matajiri. Sehemu kubwa waliifanya sadaka. Walitengeneza sanamu ndogo, wakaziweka ndani ya chungu, wakazizika shambani au pangoni, au wakazitupa ziwani, kwa kuomba au kwa kushukuru.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Fundi alitwaa nta ya nyuki, akaifinyanga mpaka ikapata sura aliyoitaka, hata macho na vidole. Akaifunika kwa udongo laini, akaacha tundu. Udongo ulipokauka aliutia motoni. Nta ikayeyuka na kutoka, ndani ikabaki nafasi tupu yenye sura ile ile. Ndipo alipomimina madini yaliyoyeyuka. Yalipopoa, alivunja udongo, na kazi ikaonekana. Kalibu ile haikuweza kutumika mara ya pili. Kama fundi alikosa kidogo tu, alianza tena tangu mwanzo. Basi anayesema kwamba watu hao walikuwa washenzi wasiojua kitu, huyo hajatazama kazi ya mikono yao.

Makumbusho yenyewe yalianza kwa chombo kimoja. Mwaka 1939 Benki ya Jamhuri ya Kolombia ilinunua chombo cha Waquimbaya kiitwacho poporo. Kina umbo la kibuyu kidogo. Kimo chake ni sentimetre 23,5 na uzito wake gramu 777,7. Kilikuwa cha kuwekea chokaa, ambayo wazee waliichanganya na majani ya koka walipoyatafuna, kama wazee wetu wengine wanavyotafuna kola katika mazungumzo. Benki ilikinunua kusudi kisitoke nchini, wala kisiingie katika chungu cha kuyeyushia. Na mpaka leo, katika milima ya Sierra Nevada de Santa Marta, wanaume wa kabila la Wakogi wanatembea na poporo zao za kibuyu. Kitu kilichomo katika kabati ya kioo mjini ni ndugu ya kitu kilichomo mkononi mwa mtu aliye hai.

ZIWA NA TAMAA

Liko ziwa dogo la mviringo liitwalo Guatavita, juu milimani, upande wa kaskazini-mashariki wa Bogotá. Mwaka 1636 Juan Rodríguez Freyle, mtu wa nchi ile, alianza kuandika jinsi chifu mpya alivyotawazwa hapo. Walimvua nguo, wakampaka utomvu, wakamnyunyizia unga wa dhahabu mwili mzima. Akapanda chelezo cha matete pamoja na wakubwa wengine. Walipofika katikati ya ziwa, watu wote pembeni wakanyamaza, naye akatupa majini dhahabu na zumaridi.

Wahispania walipopata habari za mtu huyo wa dhahabu, El Dorado kwa lugha yao, usingizi uliwatoka. Wengi walikufa katika misitu na mito wakiitafuta nchi yake. Katika miaka ya 1580 na kitu, mfanyabiashara mmoja aitwaye Antonio de Sepúlveda aliwapanga wenyeji wachimbe mfereji katika ukingo wa Guatavita ili maji yatoke. Maji yalipungua, akapata vitu kadhaa, kisha ukingo ukaporomoka ukawaua wafanyakazi wengi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni moja ya Uingereza ililikausha ziwa kabisa. Kumbe matope ya chini yaligandishwa na jua yakawa magumu kama sementi, na vitu walivyopata vilikuwa vichache mno. Mwaka 1965 serikali ya Kolombia ililiweka ziwa chini ya ulinzi, na mchezo ule ukaisha.

Na vitu vilivyopatikana zamani zile vilikwenda wapi? Vilivyo vingi viliyeyushwa vikawa vipande vya dhahabu, sehemu ya tano ikapelekwa kwa mfalme. Nta ya fundi, sala ya aliyeitoa sadaka, jina la ukoo, vyote vikaingia motoni, ukatoka uzito peke yake.

Hapo sisi tunaofundisha dini tunamkumbuka Haruni chini ya mlima Sinai. Watu walivua pete zao za masikio, naye akaziyeyusha akawafanyia ndama wa kuabudu. Wahispania wale walifanya kinyume chake: waliziyeyusha sanamu wakafanya mali. Lakini tukiangalia vema, ni ibada ile ile moja. Waliosema kwamba wanaondoa sanamu za wapagani walikuwa wamekwisha kupiga magoti mbele ya mizani.

Tena tuseme ukweli, maana ukweli haumwaibishi Mkristu. Katika karne ya 16 wakubwa wa serikali, na mapadri wengine pamoja nao, walitafuta mahali pa sadaka pa Wamuisca, wakachukua dhahabu na kuteketeza vingine. Lakini walikuwako pia wa namna nyingine. Padri Bernardo de Lugo, wa shirika la Mtakatifu Dominiko, alijifunza lugha ya Wamuisca, na sarufi yake ilipigwa chapa mwaka 1619. Lugha ile ilikufa vinywani mwa watu katika karne ya 18. Leo anayetaka kujua jinsi walivyosema hana budi kufungua kitabu cha padri huyo na maandiko mengine machache ya wakati ule.

PAROKO WA PASCA

Sasa tufike katika habari iliyotugusa kuliko zote. Mwaka 1969, katika nchi ya kilimo ya Pasca, kusini ya Bogotá, wakulima waliingia pangoni wakakuta chungu cha udongo. Ndani yake mlikuwa na chelezo kidogo cha dhahabu: urefu sentimetre 19,5, upana 10,1, uzito gramu 287. Katikati amesimama chifu, mrefu kuliko wenzake. Wengine wamemzunguka, wadogo wadogo, na wapiga kasia wako pembeni. Kimemiminwa kwa mara moja, kipande kimoja. Wenye elimu wamepima wakaona kwamba kilifanywa kati ya mwaka 1295 na mwaka 1410.

Habari ikamfikia paroko wa Pasca, Padri Jaime Hincapié Santamaría. Alipokitazama alitambua kwamba hiki si pambo la kawaida: ni ile sherehe ya ziwani, iliyosimuliwa tu katika vitabu, imefanywa na mikono ya wenyewe. Akawapasha habari watu wa makumbusho. Ndivyo chelezo kilivyofika Bogotá, na mpaka leo watu wote wanaweza kukiona.

Fikirini, ndugu. Gramu 287! Mwenye duka la dhahabu angeiyeyusha kabla ya chakula cha mchana. Na hatari hiyo si ya kuwaza tu. Mwaka 1856, walipopunguza maji ya ziwa jingine liitwalo Siecha, kilipatikana chelezo kingine kinachofanana na hiki. Kilichukuliwa kupelekwa Ujerumani, kikateketea kwa moto katika bandari ya Bremen. Imebaki picha yake tu.

Je, paroko wa Pasca alirudia upagani kwa sababu alikiokoa kitu cha sadaka ya kale? Sivyo. Kutunza si kuabudu. Mkristu anayehifadhi kazi ya babu zake hasemi kwamba kazi hiyo ni mungu. Anasema kwamba walioifanya walikuwa watu, wenye akili waliyopewa na Muumba, na kwamba walimtafuta Mungu kwa mwanga waliokuwa nao. Mtaguso wa pili wa Vatikani, uliomalizika mwaka 1965, ulifundisha wazi kwamba Eklezia hupokea mema yaliyomo katika desturi na ufundi wa mataifa, huyatakasa, wala hauyatupi.

KUTUNZA KUNA GHARAMA

Lakini tusisifu bila kupima. Vitu vingi vya Museo del Oro vilinunuliwa kwa watu waliochimba makaburi kwa siri. Kwa hiyo pengine dhahabu ipo, lakini hakuna ajuaye ilitoka kaburi gani, ilikuwa ya mwanamume au ya mwanamke, ililala karibu na kitu gani. Nusu ya urithi imeokoka, nusu imepotea. Wazee wa Kiswahili walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbe habari nayo ni mali, na inaweza kupotea hata kama kitu chenyewe kimebaki.

Tena viko vitu ambavyo watu wa Kolombia wanaviona ng'ambo. Mwaka 1890 ilipatikana hazina kubwa ya Waquimbaya karibu na Filandia. Baadaye rais wa nchi, Carlos Holguín, alimpa María Cristina, malkia wa Hispania, vitu 122 vya hazina hiyo, kwa kushukuru kwamba Hispania iliamua shauri la mpaka kati ya Kolombia na Venezuela. Viko Madrid. Mwaka 2017 Mahakama ya Katiba ya Kolombia iliiagiza serikali ifanye bidii virudi. Kutoa ni rahisi, ni siku moja. Kurudisha kunawachosha wajukuu.

Sisi watu wa Kongo tunaijua habari hiyo. Vitu vya babu zetu vimejaa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Kati ya mwaka 1976 na 1982 sehemu ndogo ilirudishwa Kinshasa. Na baadaye, katika fujo za miaka ya 1990, vingine viliibwa katika nyumba yetu wenyewe. Mwaka 2019 Kinshasa ilifunguliwa nyumba mpya ya makumbusho ya taifa. Mwaka 2022 Mfalme Philippe alileta humo kinyago kikubwa cha Wasuku, Kakuungu, kwa kukiazimisha bila kuweka siku ya mwisho. Nasi watu wa Katanga tunayo dhahabu yetu nyekundu. Mwaka 1957 na 1958 wenye elimu walichimba makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wakakuta wafu wamezikwa pamoja na vyungu, mapambo na misalaba midogo ya shaba. Misalaba hiyo si ya Wakristu. Ilikuwa mali na fedha ya watu wa kale, miaka mingi kabla mmisionari wa kwanza hajakanyaga huku.

KITI CHA MZEE

Basi tuje kijijini. Mwaka mmoja, katika mafundisho ya wakatekumeni, mama mmoja mjane alibaki nyuma wenzake walipotoka. Nyumbani mwake kulikuwa na kiti cha mti, kimechongwa mwanamke aliyebeba kikalio juu ya kichwa chake. Kilikuwa cha babu wa marehemu mume wake. Mchuuzi aliyetoka mjini alikuwa amekiona, akataja bei. Mwana wake mkubwa alitaka kiuzwe. Wifi yake, Mkristu wa siku nyingi, alitaka kichomwe moto, maana, alisema, ni kitu cha kipagani.

«Mwalimu», alituuliza, «nitabatizwa na kiti kile nyumbani?»

Tulimwuliza: «Mama, yuko mtu anayekitolea sadaka? Yuko anayekiomba?»

«Hapana, mwalimu. Mzee alikikalia akikata mashauri. Wakisikia kimetolewa nje, watu walijua leo kuna neno.»

Tulikwenda kwake tukakaa na jamaa. Yule wifi alikubali upesi aliposikia kwamba hakuna ibada. Lakini kijana alitutazama akasema kwa heshima, bila hasira: «Mwalimu, kiti hiki kitawalipia wadogo wangu shule?»

Hilo, wasomaji, ndilo swali lenyewe. Ni rahisi kuhubiri urithi kwa mwenye njaa. Hatukumjibu kwa maneno matamu. Tulimweleza tu njia ya kitu kama kile: mchuuzi atakulipa mara moja; atamwuzia mwingine kwa bei ya juu; huyo naye atamwuzia mwingine; na katika kila mkono kiti kitaacha kidogo cha habari yake, mpaka kifike katika nyumba ya tajiri asiyejua hata jina la kijiji chenu. Franka zitakwisha kabla ya mwaka wa shule kwisha. Kijana alinyamaza muda mrefu. Mwishowe alisema: «Kikae kwanza.» Likizo ile alichoma makala, akalipa.

Jioni hiyo tuliandika katika daftari jina la mzee, jina la aliyekichonga, mashauri mawili yaliyokatwa juu yake ambayo bibi mmoja aliyakumbuka, na sababu ya yule mwanamke wa mti kufumba macho. Bibi huyo amekwisha kufariki. Kama tungengoja mwaka mmoja zaidi, kiti kingekuwa bubu.

Hatusemi kwamba mambo yameisha vizuri. Kijana alibeba peke yake mzigo ambao ungefaa kubebwa na wengi. Kule Kolombia benki ya nchi ilitoa fedha, na vitu vikapona; na katiba yao ya mwaka 1991 inasema kwamba vitu vya kale vya namna ile ni vya taifa lote, havinunuliki. Kwetu nako ilitolewa sheria ya tarehe 15 Machi 1971 ya kulinda mali ya utamaduni. Lakini sheria haichomi makala kwa niaba ya mtoto wa mjane. Jamii inayotaka kiti kibaki lazima iulize pia nani atalipa shule.

TUFANYE NINI?

Tunawaomba wasomaji mambo matatu, na kila moja linawezekana katika parokia yoyote.

Kwanza, kabla ya kuchoma au kuuza kitu cha wazee, uliza. Mwulize paroko wako, mwalimu wako wa dini, na mzee wa ukoo. Kama kuna ibada juu ya kitu hicho, mashauri ya Kikristu yatatolewa. Kama hakuna, usikimbilie moto.

Pili, andika. Daftari la shule linatosha. Jina la kitu kwa lugha yenu, nani alikifanya, kilifanya kazi gani, nani anasimulia, tarehe gani. Vijana wanaojua kuandika waketi na bibi zao katika likizo hii inayokuja.

Tatu, jamaa ikikitunza kitu cha wote, jumuiya isiwaache peke yao. Kapu la kusaidia lipo katika kila jumuiya yetu ya Kikristu. Mjane anayekataa franka za mchuuzi kwa ajili ya ukumbusho wa kijiji amewatolea wote, naye anastahili kukumbukwa kapu linapofunguliwa.

Mamajusi walileta dhahabu kwa Mtoto Yezu, wala hatusomi kwamba Mama Maria aliipima. Aliipokea kwa sababu ya mikono iliyoileta kutoka mbali. Nasi tuvipokee hivyo vitu vilivyotufikia kutoka kwa wazee wetu, tuvitunze, na kila jumuiya ianze kwa kuuliza jumapili hii: kwetu viko vingapi, na nani bado anajua habari zake?

Tumsifu Yezu Kristu.